Sauti za Wazee na Nakala Zinazokaguliwa

Mafaili ninayoyathamini kuliko yote katika kompyuta yangu hapa Moshi ni rekodi za wazee wa ukoo wetu wakieleza, kwa Kichagga, jinsi mifereji ya asili ilivyochimbwa kutoka mtoni, nani alikuwa na zamu ya maji siku gani, na mpaka wa kila kihamba, yaani shamba la urithi la familia, ulipita wapi. Baadhi yao wameshafariki, kwa hiyo hakuna wa kumrudia na kumwomba aeleze upya. Sauti isiyobanwa hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, na ukiongeza picha za zamani zilizoskaniwa pamoja na hati za mashamba, mzigo huongezeka haraka.

Wengi hudhani kwamba kunakili folda nzima kwenye diski ya nje kila mwisho wa mwezi kunatosha. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu diski inaweza kuharibika kimyakimya: baiti chache hubadilika ndani ya faili, lakini jina, ukubwa na tarehe vinabaki vilevile, wala hakuna onyo lolote linalotokea. Shangazi yangu ana picha ya harusi ambayo sehemu yake ya juu inaonekana vizuri kabisa, bibi harusi na msimamizi wake wakitazama kamera, lakini kuanzia kifuani kwenda chini kumejaa rangi ya kijivu tupu. Nakala iliyokuwa kwenye diski ya pili ilikuwa na kijivu hichohicho, kwa kuwa faili bovu lilinakiliwa juu ya lile lililokuwa zima. Nakala ya namna hiyo hurithi ubovu wa faili la kwanza, na mwenye mali hajui hadi siku anapoihitaji.

Ndiyo maana natumia restic, programu ya bure iliyoanzishwa na Alexander Neumann, ambayo haina madirisha wala vitufe. Unaiendesha kwa kuandika amri. Inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Kila unapoandika restic backup pamoja na jina la folda, programu huhifadhi toleo jipya la folda hiyo bila kugusa matoleo yaliyotangulia, hivyo unaweza kurudi kwenye hali ya mwezi uliopita au ya mwaka juzi. Matoleo mengi hayajazi diski, kwa sababu kila faili hukatwa katika vipande vyenye wastani wa megabaiti moja hivi, na kipande ambacho tayari kimo katika ghala, yaani folda maalumu ambamo restic huweka nakala zake, hakiwekwi mara ya pili.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi vipande hivyo vinavyotambuliwa. Kila kimoja hupigiwa hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa alama ya herufi na tarakimu 64, na alama hiyo hufanya kazi kama dole gumba la mzee kwenye hati ya shamba: ikibadilika baiti moja tu ndani ya kipande, alama inayopatikana huwa nyingine kabisa. Programu inapotaka kujua kama kipande ni kizima, hukisoma, hupiga hesabu upya, kisha hulinganisha alama mpya na ile iliyoandikwa tangu mwanzo.

Hapa pana jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu. Amri ya restic check ikiandikwa hivyo peke yake hukagua mpangilio wa ghala, yaani kwamba orodha zinapatana na kwamba hakuna kinachokosekana, lakini haisomi data yote iliyohifadhiwa. Ili isome kila kitu inabidi kuongeza --read-data, na kwa ghala kubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi, jambo ambalo si rahisi umeme unapokatika mara kwa mara. Mimi hugawanya kazi hiyo kwa miezi ya mwaka: Januari naandika restic check --read-data-subset=1/12, Februari 2/12, na kuendelea hadi Desemba, ghala zima likawa limepitiwa. Naona utaratibu huu ni bora kuliko ukaguzi mkubwa unaoahirishwa kila mara.

Upande wa kompyuta yenyewe pia unahitaji jicho. Kwa kawaida restic hutazama kwanza ukubwa wa faili na tarehe yake ya kubadilishwa, na kama havijabadilika hairudii kulisoma. Hilo linasaidia, kwa sababu faili lililooza kimyakimya halichukui nafasi ya lile zima katika ghala. Hata hivyo, mara mojamoja naongeza --force ili mafaili yote yasomwe upya, kisha nalinganisha matoleo mawili kwa restic diff. Katika matoleo ya karibuni ya programu, faili ambalo maudhui yake yamebadilika huku taarifa zake nyingine zote zikibaki vilevile huwekewa alama ya kuuliza. Rekodi ya mwaka 2016 ambayo hakuna aliyeihariri ikitokea na alama hiyo, nairudisha mara moja kutoka toleo la zamani.

Lazima niseme wazi kwamba restic hugundua ubovu ndani ya ghala lakini haina akiba ya kuunda upya kipande kilichopotea. Kwa sababu hiyo nina ghala mbili, moja hapa nyumbani na nyingine kwenye diski iliyoko kwa mdogo wangu Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Desemba, ukoo unapopanda mlimani kwa sikukuu, yeye huja na diski yake, nami huongeza yaliyorekodiwa mwaka huo kwa restic copy na kuikagua kabla hajaondoka nayo. Kutuma yote kwa intaneti kungewezekana pia, lakini kwa bei ya vifurushi naona diski inayosafiri kwa basi inatufaa zaidi.

Kila kitu ghalani kimefungwa kwa nywila, na nywila ikipotea hakuna mtu duniani atakayekufungulia. Kwa bahati nzuri ghala moja hukubali nywila zaidi ya moja, kwa amri ya restic key add. Dada yangu mkubwa ana yake, ameiandika katika daftari analohifadhia hati za familia, na nimemwomba arudishe mwenyewe rekodi moja kwenye kompyuta yake na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho, ili nijue kwamba kazi hii yote inaweza kufanywa hata nisipokuwepo.