Umande Usiokauka

Leo nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikapanda darini na simu, tochi ndogo na mbuzi ya nazi. Mbuzi ni ya kukalia. Ndiyo pekee nyumbani inayonishusha macho yakawa sawa na vyungu vyangu, nami huirudisha jikoni kabla mama hajaanza kuiulizia.

Tumo katika maleleji. Kusi imelegea, kaskazi haijaanza, na hapa kwetu Tudor, Mombasa, hewa ya alfajiri imetulia hata kamba za nguo hazitikisiki. Mwaka mzima nazingojea siku hizi. Mmea ninaoupiga picha hauzidi upana wa sarafu, na lenzi ninayoibana kwenye simu yataka niusogelee mpaka nikaribie kuugusa. Kwa ukaribu huo, upepo mdogo tu unaivuruga picha nzima.

Mmea wenyewe ni drosera. Jina hilo latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya umande, na kweli ndivyo unavyoonekana: kila jani limeota vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele limekaa tone linalometa. Jua likipanda, umande wa kwenye mirehani ya mama hutoweka. Huu wangu hubaki, hata saa saba mchana.

Ami yangu alipouona mara ya kwanza alivaa miwani, akachukua njiti ya ukuti na kuligusa tone moja. Njiti ikavuta uzi mrefu, mwembamba kama wa buibui.

"Huu si umande, mwanangu," akasema. "Huu ulimbo."

Akanieleza walivyokuwa wakikusanya utomvu wa fenesi utotoni, wakaupaka vijitini na kuwategea ndege. "Lakini sisi tulitega tukaenda zetu. Huu watega kwa mwili wake." Tangu siku hiyo nyumbani hakuna anayeuita drosera. Ni ulimbo, na naona jina la ami ni sahihi kuliko la Wagiriki.

Nilianza vibaya. Rafiki wa Nairobi aliniletea miche miwili ya Drosera capensis, ile ya Rasi ya Afrika Kusini, ambayo kila mtu husema ni rahisi kufuga. Nikainywesha maji ya kisima chetu. Wiki ya pili matone yakapotea. Kisha kingo za majani zikawa kahawia, na haikufika miezi miwili yote ikafa. Nilihuzunika sana, maana sikuwa nimeipuuza hata siku moja. Niliiua kwa kuinywesha.

Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vyake yana chokaa na chumvi, atakaye ushahidi aangalie ndani ya birika la chai. Drosera ni mmea wa ardhi chepechepe isiyo na rutuba. Kwa kuwa udongo huo hauna naitrojeni ya kutosha, mmea huipata kwa wadudu, na mizizi yake haikuumbwa kuhimili chumvi wala mbolea. Hata mchanga wa ufuoni haufai, kwa kuwa ni matumbawe yaliyosagika. Sasa natumia piti, yaani mboji ya mimea iliyooza nusu kwenye vinamasi, niliyochanganya na mchanga wa mto ulioshwa mara nyingi, na vyungu vinakaa ndani ya sinia lenye maji ya mvua. Masika hujaza pipa, nami hulifunika kitambaa mbu wasizaliane. Likikauka kabla ya vuli, nakinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha jirani. Nimenunua na kipimo cha chumvi: nataka kisome chini ya sehemu 50 kwa milioni. Maji ya kisima chetu yalipita 1,000.

Ya Rasi sikuifuga tena. Usiku wetu una joto mno kwake. Nina Drosera burmannii, mmea wa Asia na Australia unaopenda joto. Hauishi sana, ila hudondosha mbegu nyeusi ndogo kama vumbi, na miche huota yenyewe ndani ya sinia.

Mvua ya kwanza iliponikuta nao nilikimbilia darini na leso nikaufunike, nikiwa nimechelewa. Matone yote yalikuwa yameoshwa. Kesho yake yakaanza kurudi. Baadaye nikasoma kuhusu Charles Darwin, aliyeanza kuichunguza drosera mwaka 1860 na kuchapisha kitabu juu ya mimea ilayo wadudu mwaka 1875. Aliona kwamba tone la mvua likianguka juu ya vinywele haviinami, lakini kipande cha unywele wa binadamu kisichofikia hata sehemu moja ya elfu ya miligramu kiliweza kuviinamisha. Nililala nikiwaza hilo. Mmea usio na jicho wala neva waijua mvua na kuiacha ipite.

Wapo wanaochukua mdudu kwa kibanio na kumweka jani­ni ili wapate picha. Mimi sitaki. Usubi atakayekuja mwenyewe hiyo ni riziki ya mmea, na hata hapo huwa napiga picha moja nikaondoka. Vinywele vya pembeni vya burmannii humwangukia mdudu kwa sekunde chache tu, na kuna kitu kifuani kinachokataa nisimame nikitazama mpaka mwisho.

Ninachokifuata hasa ni tone. Saa kumi na mbili na nusu leo jua lilikuwa nyuma ya jani, na nyuma zaidi, mnara wa msikiti wetu. Nilikuwa nimeiacha simu nje tangu alfajiri ili lenzi isipate ukungu wa kutoka chumba chenye baridi. Nikabana pumzi. Tone ni kama lenzi, hupindua kilicho nyuma yake. Na ndani ya tone moja, lisilozidi kichwa cha pini, mnara ukasimama kichwa chini, mweusi, na anga la rangi ya embe bivu chini yake. Nilipiga picha arubaini. Mbili zimetoka.

Nikamkuta ami barazani na kahawa yake.

"Subalkheri, ami. Tazama."

Akaitazama sana bila kusema. Kisha akaigeuza simu juu chini. Mnara ukasimama wima, jani likaning'inia juu yake.

"Msikiti wetu," akasema. Akanirudishia simu, akanywa kahawa, akaiomba tena.

"Kesho ukipanda, niamshe."