Nyumba ina wenyewe

Jana jioni hatimaye nilifika kwenye lile boma. Liko nyuma ya shamba la mzee jirani yangu hapa Clare, magharibi mwa Ayalandi: duara la tuta la udongo, handaki kwa nje, na juu ya tuta miti ya miiba iliyojaa maua meupe. Nyasi za shamba zima zimefyekwa. Ndani ya duara zinafika kiunoni.

Mzee alinisindikiza mpaka ukingoni akasimama. Baba yake hakuwahi kukata hata tawi pale, naye hatakata. Wakazi wa humo, viumbe wasioonekana wa hadithi, kama majini, anawaita "wale watu wema", kwa sauti ya chini. Jina lao lenyewe halitaji. Nikamkumbuka bibi, alivyotukataza kutaja nyoka usiku, tukawa tunasema "kamba". Nilipomsimulia, mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia habari za kwao.

Maboma ya namna hii yamebaki zaidi ya 40,000 kisiwani, na mengi yalijengwa kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Waliyakaa wakulima na ng'ombe wao. Baadhi yana njia za mawe chini ya ardhi, za kuhifadhia chakula na kujifichia, na nadhani giza la humo lilichangia kuzaa hadithi. Kwa Kiayalandi huitwa lios au ráth, maneno yaliyomo hata katika majina ya mahali kama Lismore na Rathmines.

Usiku sikupata usingizi upesi. Wale wakulima wamesahauliwa, hakuna anayejua hata jina lao moja, ila haikusahaulika kwamba nyumba ina wenyewe. Maboma mengine yamesawazishwa na matingatinga, na inaniuma. Lakini mengi yamepona kwa sababu mtu mmoja mmoja aliogopa, akapitisha jembe kando.

Mwaka 1999, pale Latoon, humu humu Clare, msimuliaji wa hadithi Eddie Lenihan alipaza sauti kuutetea mti mmoja wa miiba uliosimama kwenye njia ya barabara mpya. Alisema hapo ndipo watu wema wa Munster, jimbo letu hili, hukutana wanapokwenda kupigana na wa jimbo jirani la Connacht. Barabara ikajengwa, mti ukaachwa. Nimeupita mara nyingi bila kujua.

Jana, tulipokuwa tunaondoka bomani, nilinyosha mkono nichume kitawi cha maua, nikakiweke mezani.

"Hayo hayaingizwi nyumbani, mwanangu," mzee akasema.

Nikaurudisha mkono.