Kigari cha gofu cha mipigo miwili: kabla ya kununua ringi

Kampuni ya Harley-Davidson, ambayo wengi wetu tunaijua kwa pikipiki zake kubwa, ilitengeneza pia vigari vya gofu kuanzia mwaka 1963 hadi 1982, vingine vya magurudumu matatu na vingine vya manne. Kigari ninachokieleza hapa ni cha ukoo huo. Kilikuwa kimelala bandani kwa jirani yangu hapa Georgia, Marekani, na mwenyewe alikitaka kwa ajili ya kubebea kuni na maji ya mifugo, wala si kwa kuchezea gofu. Kilishindwa kupanda mwinuko mdogo kikiwa na mzigo, kiliwaka vizuri asubuhi lakini kikikataa baada ya kupata moto, na mara nyingine injini ilipandisha mwendo yenyewe ilhali mguu haujaongeza chochote kwenye pedali. Fundi aliyekitazama kabla yangu alishauri ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoziba pengo kati ya pistoni na silinda, zibadilishwe, basi. Ushauri huo hutolewa mno, na kwa injini ya aina hii mara nyingi ni nusu ya kazi.

Injini yenyewe ina silinda moja ya cc 245 na ni ya mipigo miwili, yaani haina vali juu wala oili inayokaa chini ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Oili huingia pamoja na petroli. Chumba cha kranki hufanya kazi ya bomba la baiskeli: pistoni ikipanda, chumba huvuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, na ikishuka huubana mchanganyiko huo na kuusukuma kupitia njia za pembeni mpaka juu ya pistoni. Kwa hiyo uchakavu hutokea mahali pawili. Juu, baina ya ringi na ukuta wa silinda, kila mtu hutazama. Chini, kwenye sili za kranki, yaani pete laini zinazozuia upepo usipite kandokando ya mhimili huo, wachache hufika, ingawa sili ikichoka huruhusu hewa isiyo na petroli wala oili kuingia, injini ikakimbia yenyewe, ikapata joto kupita kiasi, na joto hilo likaikwaruza pistoni. Anayefunga ringi mpya na kuziacha sili zilizokufa anazitia ringi hizo katika moto uleule uliozimaliza za zamani. Wenzetu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaovua kwa boti za mashine za mipigo miwili hawahitaji kufundishwa hili.

Nilianza na kompresheni, yaani kiasi ambacho silinda inaweza kubana hewa. Injini ikiwa na moto nilitoa plagi, nikaunganisha waya wake na bodi ili cheche isiharibu mfumo wa kuwashia, nikafunga geji mahali pa plagi, kisha nikakanyaga pedali hadi mwisho, kwa kuwa katika vigari hivi pedali hiyohiyo hufungua kabureta na kuzungusha starta. Sindano ilisimama kwenye psi 80, nami katika silinda ya ukubwa huu sioni raha chini ya 100. Nilipotia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena, sindano ilipanda waziwazi, ishara kwamba upepo ulikuwa ukipita kwenye ringi na si kwenye gasketi ya kichwa.

Kipimo cha pili ndicho ninachokisisitiza. Unaziba njia ya eksozi na ya kabureta kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyobanwa na bati, unairudisha plagi mahali pake, kisha unaingiza upepo ndani ya injini kwa shinikizo dogo la psi 6 hivi na kutazama kama unabaki. Kompresa haifai hapa, kwa sababu nguvu yake inaweza kuzisukuma sili nje. Mimi hutumia mashine ya zamani ya kupimia presha ya damu, ile ya kubonyeza kwa mkono, baada ya kuondoa kitambaa chake: milimita 300 za zebaki ni karibu sawa na psi 6, na sindano yake huonyesha hata uvujaji mdogo. Injini isiyo na kasoro ihifadhi upepo huo kwa dakika kadhaa na kupoteza kidogo tu. Hii haikuweza kuuhifadhi hata kidogo. Nilipopaka maji ya sabuni, mapovu yalifura nyuma ya puli inayozungushwa na mkanda wa starta, na hapo lile jambo la injini kujikimbiza lilipata maelezo yake.

Kuifungua hakuna ajabu. Nati za kichwa zililegezwa kwa mshazari, silinda ikanyanyuliwa, na masizi yaliyoganda kwenye mlango wa eksozi yakaonekana kuwa mazito kiasi cha kupunguza upana wa mlango wenyewe. Niliyaondoa kwa kijiti cha mti mgumu, kwa sababu bisibisi ya chuma huacha alama kwenye silinda. Kabla ya kushughulika na pistoni, nilishika mkono unaounganisha pistoni na kranki na kuutikisa juu na chini. Kuyumba kidogo kwa pembeni ni kawaida, lakini kucheza kwa kwenda juu na chini, hata kwa kiasi kidogo, ni kifo cha beringi ya chini. Kranki ya aina hii imeunganishwa kwa kukandamizwa na mashine, hivyo kuibadilisha beringi hiyo ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kuinyoosha, na kama ingecheza ningemshauri mwenye gari aachane na injini hii. Haikucheza.

Pistoni ilikuwa imelika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na sababu yake inatokana na kitu cha pekee katika gari hili, nacho ni kwamba halina gia ya kurudi nyuma. Dereva husimama, hugeuza swichi, na starta, ambayo pia ndiyo jenereta ya kuchaji betri, huizungusha injini kinyume mpaka iwake na kuendelea kuzunguka hivyo. Injini hukubali kwa sababu milango yake, yaani matundu ya kwenye ukuta wa silinda, hufunguliwa na kufungwa na pistoni yenyewe, kwa kipimo kilekile pistoni ikishuka au ikipanda. Ikienda mbele, pistoni huegemea upande mmoja wa silinda. Ikienda nyuma, huegemea wa pili. Na kwa kuwa gari huishi likienda mbele, upande mmoja hubeba karibu mzigo wote. Kwa hiyo silinda ipimwe kwa pande mbili na kwa kina tofauti, juu na chini ya milango, kwani kipimo kimoja cha juu kinaweza kukuonyesha silinda nzima ambayo kwa kweli imekuwa na umbo la yai.

Yetu ilikuwa hivyo, ikapelekwa kwa mchongaji wa vyuma kupanuliwa kwa milimita 0.25, ikanunuliwa pistoni ya ukubwa huo pamoja na ringi zake. Ilipotoka huko, kingo za milango zilikuwa kali kama kawaida ya silinda iliyochongwa, nami nikazilainisha kwa mkono, kwani ringi ikinasa kwenye kingo kali huvunjika. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi, kisha nikaipaka oili papo hapo isishike kutu. Nafasi ya ncha za ringi ndani ya silinda niliikadiria kwa kanuni ya milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, na nikahakikisha kila ncha imekaa kwenye pini yake ndani ya mfereji wa pistoni, kwa kuwa pini hizo ndizo zinazozuia ringi isizunguke na kutumbukia mlangoni.

Sili mpya ziliingizwa mdomo ukielekea ndani. Ile ya zamani ilikuwa imechimba kijimfereji kwenye shafti, basi mpya nikaiweka milimita moja nje zaidi ili mdomo wake ushike chuma ambacho hakijalika. Nilirudia kipimo cha upepo kabla ya kufunga eksozi, na safari hii sindano ilitulia.

Sasa kigari kinatembea kwa oili ya mipigo miwili ya kiwango cha mililita 20 kwa lita ya petroli, bila kukimbizwa wala kupewa mzigo mzito mpaka ringi zizoee silinda. Kinapanda ule mwinuko na kinawaka kikiwa na moto, jambo la lazima kwa gari ambalo injini yake huzima kila unapoinua mguu. Kurudi nyuma bado kunasitasita, na nashuku makaa ya starta, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, ambayo nimeyaagiza.