Mizinga Minane ya Vanishi

Nina miaka ishirini na miwili kwenye useremala, karakana yangu iko Isevya hapa Tabora mjini, na leo naanza na aibu. Hadi mwezi wa kumi mwaka jana sikuwa nimewahi kuutambua mninga uliosimama. Bila shaka nimeupita mara elfu nikiwa nimesinzia dirishani mwa haisi, lakini ungeniambia nikuonyeshe, ningekuonyesha mti wowote. Mninga ninaoujua mimi huja umelala juu ya fuso, inchi moja kwa kumi au mbili kwa sita, na alama ya nyundo ya maliasili, ule muhuri wa mbao halali, kwenye ncha ya ubao. Nifumbe macho, uniletee vumbi lake na vumbi la mkurungu, nitakutenganishia kwa pua tu. Ila mti wenyewe, na majani yake? Hapana.

Kilichonipeleka porini ni mizinga ya nyuki. Mjomba wangu anafuga nyuki upande wa Sikonge, na alikuwa ameniagiza mizinga minane ya kisasa, ile ya sanduku yenye vijiti vya juu. Aliniambia nitumie mbao yoyote ya bei nafuu. Mimi, kwa kujionyesha kwa mjomba, nikatumia mabaki ya mninga yaliyobaki kwenye oda ya makabati. Nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mikono miwili, nje na ndani. Nakuambia iling'aa, mteja mmoja akauliza kama ni majeneza ya watoto.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mjomba akaja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akanywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta.

"Mpwa wangu, nyumba zako hazina wapangaji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ulizipaka nini?"

Nilipomwambia alicheka mpaka akashika goti. Kisha akasema Jumamosi niende naye nikajionee, na nibebe msasa.

Tulitoka alfajiri kwa pikipiki yake. Barabara ya Sikonge siku hizi ni lami, kwa hiyo sehemu hiyo haina cha kusimulia. Tulikata kushoto kwenye njia ya mchanga, tukapita mashamba ya tumbaku na mabani yake ya kukaushia. Pembeni ya kila bani kuna kuni zimepangwa kama ukuta. Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa mbao watanipongeza: kila kikao cha misitu tunanyooshewa vidole sisi maseremala, na sikatai tuna yetu, lakini tumbaku ya mvuke inakula magogo mazima usiku na mchana hadi jani likauke, na moshi wake hauna alama ya nyundo.

Baada ya mashamba tukaingia pori la miombo.

Nilitegemea kijani. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua bado, ardhi nyeusi kwa moto uliopita, na juu ya vichwa vyetu majani yalikuwa mekundu. Mekundu kabisa, na mengine rangi ya shaba. Nikadhani miti inakufa. Mjomba akasema ni kinyume chake, hayo ni machanga. Mitundu na miyombo huvaa majani mapya kabla hata tone la kwanza halijaanguka, na huanza na wekundu ndipo yageuke kijani. Nimezaliwa Tabora na nimekulia Tabora. Sijui huwa naangalia wapi.

Halafu mbung'o. Nilikuwa nimevaa ovaroli yangu ya kazi, ya bluu. Mjomba alikuwa na shati la kaki lililochakaa, ametulia. Mimi nilikuwa napigwa mgongoni kama ngoma. "Wanapenda bluu," akasema, "hata mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nyumbani. Akasema hakujua kama nina nguo nyingine.

Kwa sababu ya hao mbung'o, ndiyo pori liko pale. Tulifika mahali penye uwazi kidogo, mjomba akasukuma udongo kwa kiatu, vikatokea vigae vya vyungu. Kulikuwa na jiwe la kusagia limezama nusu. Ni matongo, akasema, watu waliishi hapa. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha vijiji vingi vya Unyamwezi kwa ajili ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, watu wakakusanywa sehemu moja, na miti ikarudi ikachukua viwanja. Mimi nilikuwa nikitembea kwa adabu ya mtu aliyeingia msitu wa tangu Adamu, kumbe naweza kuwa nimesimama jikoni kwa mtu. Katikati ya yale matongo ulikuwa umeota mtundu mkubwa.

Tulikaa hapo kula matobolwa na karanga. Ndipo nikauliza, kwa sauti ya chini, mninga ni upi.

Akanitazama kuona kama natania. Kisha akaelekeza kidole nyuma yangu, nilikuwa nimeuegemea.

Gome lake ni jeusi, limepasuka vipande vipande kama matope yaliyokauka. Juu yalining'inia matunda ya mwaka jana, mviringo, bapa, yana ukingo mwembamba kama karatasi na katikati kifundo chenye miiba; ukiliweka kwenye sahani ungesema yai la kukaanga limeota ndevu. Mjomba akakwangua gome kidogo kwa ncha ya panga. Tukasubiri. Ikatoka damu. Najua ni utomvu, lakini ulikuwa mwekundu na mzito na ulitiririka polepole, na mimi ambaye nimepasua mninga maisha yangu yote nilijikuta nimerudi hatua moja. Kwangu hufika umekwisha kauka.

Pembeni kulikuwa na kijiti kimeungua, hakifiki goti. Huo pia mninga. Mjomba akanieleza kwamba mninga mchanga hufa juu kila kiangazi, mzizi tu ukabaki chini, mvua zikija ukachipua upya, na huenda hivyo miaka na miaka mpaka mzizi upate nguvu ya kusimamisha shina ambalo moto hauliwezi. Nikahesabu kimoyomoyo kitanda cha sita kwa sita kinachonisubiri karakana.

Mizinga yake ya zamani bado ipo, ya magome ya myombo, imefungwa kwa kamba za gome hilo hilo. Akina Susi na Chuma, watumishi wa mpelelezi Livingstone, walipobeba mwili wake mwaka 1873, waliufunga ndani ya gome la mti namna hiyo, wakaufikisha hapa Unyanyembe mwezi wa kumi. Gome huwa gumu kama bomba. Ila ukilivua kuuzunguka mti mzima, mti unakufa ukiwa umesimama, na mjomba alinionyesha mitatu aliyoiua mwenyewe ujanani. Hakusema zaidi. Ndiyo maana aliagiza ya mbao.

Yangu minane ilikuwa imening'inizwa kwa waya, inang'aa kwenye jua kama samani za dukani. Tukaishusha. Nilipiga msasa ndani yake mpaka saa kumi jioni, mbung'o mgongoni, na mjomba akawa anapasha nta kwenye kopo na kuisugua kwenye vijiti na mlangoni. Nyuki, akasema, wanafuata harufu ya nyumba iliyowahi kukaliwa, na yangu ilinuka duka la rangi.

Nilirudi na tunda moja la mninga mfukoni. Liko juu ya benchi, karibu na penseli. Wateja wanaliuliza, na wanane kati ya kumi wanaotaka milango ya mninga hawalijui.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mjomba akapiga simu. Mitano imeingia nyuki. Miwili bado. Mmoja una sisimizi, na anataka kujua kama huo nilipaka sukari.