Nilivyopima hatari ya dawa ya nyanya kwa rangi ya chakula

Nilipokabidhiwa jalada la kusajili kiuatilifu cha nyanya, mshauri mmoja aliniambia: "Chukua tathmini ya Ulaya, badilisha jina la nchi, peleka Ngaramtoni," yaani kwa mamlaka inayosajili viuatilifu. Mpaka leo ushauri ule unanikera. Tathmini yenyewe ilihesabu mtu aliyeketi ndani ya trekta. Mkulima wa Ngarenanyuki, Meru, anabeba bomba la lita 16 mgongoni, na akipita kwenye matuta, majani yaliyokwisha kulowa dawa yanamsugua mapajani.

Sumu ni ile ile, Ulaya na Meru. Kinachotofautiana ni kiasi kinachomfikia mtu. Kikomo tulikuwa nacho: dozi isiyomdhuru mnyama wa maabara, ikagawanywa kwa 100, yaani 10 kwa tofauti ya mnyama na binadamu, 10 kwa tofauti ya mtu na mtu.

Ili kupima kiasi hicho, kwanza tuliwabandika wapuliziaji karatasi. Zikalowa, zikachanika. Ndipo nikaingia soko kuu la Arusha, nikanunua fulana na suruali nyeupe za pamba pamoja na rangi nyekundu ya chakula. Vyote havikuzidi bei ya matenga machache ya nyanya. Mabomba tukayajaza maji ya rangi tu, dawa hata tone hakuna.

"Kaka, hebu nitazame mgongo!" mmoja akaniita. Mfuniko wa bomba ulikuwa unavuja, na fulana imekuwa nyekundu hadi kiunoni. Mapaja nayo hivyo hivyo.

Nguo nikazikata vipande, kila kipande nikakiloweka kwenye maji ya ujazo uleule. Pembeni nilipanga chupa za rangi niliyoipima mwenyewe, kutoka hafifu hadi iliyokolea. Kipande kinalinganishwa na chupa inayofanana nacho, na kipimo unakipata hapo hapo, bila mashine ya mamilioni. Jumla nikaigeuza kuwa kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe iliyomo ndani ya dawa, nikahesabu kinachopenya ngozi, nikagawanya kwa kilo 60 za mtu.

Bila kinga, kikomo kilipitwa. Kwa glavu na suruali isiyopitisha maji, tulishuka chini yake, na hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye lebo, pamoja na agizo la kukagua mfuniko kabla ya kujaza.

Wakaguzi waliuliza sana kuhusu zile chupa. Nilikuwa nazo kwenye begi, nikazipanga mezani. Cheti tumepata. Ukitaka kujaribu, nunua pamba halisi. Nailoni hainywi maji vizuri kama pamba.