Siku moja kwenye mizani ya korosho, na chembe sahani 42,000

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya kuoga nawasha tochi ya simu, nakagua miguu. Natafuta vidoa vyekundu, vidogo kuliko punje ya ulezi, ambavyo ukivibonyeza havififii. Vikiwa vichache kwenye vifundo, naenda kazini. Vikiwa vimepanda mpaka mapajani, au nikikuta lengelenge la damu mdomoni, hakuna kazi tena, natafuta gari la kwenda Mtwara mjini. Leo ni vichache. Napiga mswaki, ule laini wa watoto, na mate yanatoka na wekundu kidogo. Hayo nimeshayazoea.

Ninaumwa ugonjwa wa damu uitwao ITP. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vimelea vya maradhi, inazigeuka chembe sahani zangu (hospitalini wanaziita platileti), inazitia alama kama maadui, na nyingi zinaishia kuharibiwa kwenye bandama. Bila hizo damu inachelewa kuganda. Mtu mzima mwenye afya huwa na 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kipimo changu cha mwisho kilisoma 42,000. Ukipitisha miezi kumi na miwili na ugonjwa huu, unahesabiwa kuwa ni sugu, na wangu umepitisha zamani. Hauambukizi, si kansa, na wala sijarogwa. Hilo la tatu ndilo gumu zaidi kueleweka hapa Tandahimba.

Saa moja asubuhi. Uji kwanza, halafu predinisoloni. Ukimeza na njaa, tumbo litakusimulia. Dawa hii inaituliza kinga na inapandisha chembe, lakini na yenyewe ina madai yake. Uso umevimba mashavu, usingizi umehama, na hasira zinakuja bila sababu. Watu wakiniona wananisifia: "Karani umenawiri, msimu umekukubali!" Naitikia asante. Utaanzaje kumwambia mtu njiani kwamba huko kunawiri kumetoka kwenye kopo la vidonge?

Kazini natembea. Ningeweza kupanda bodaboda, lakini barabara yetu ni mchanga mtupu, na pikipiki huku huanguka hata ikiwa haina haraka. Kwa mwingine hayo ni mavumbi ya kukung'uta na kucheka. Kwangu mimi kichwa kikigonga chini, ni hospitali.

Saa mbili. Foleni imefika hadi barabarani, maana mnada umekaribia na kila mkulima anataka mzigo wake uingie. Kazi yangu ni kupima unyevu, kusoma mizani na kuandika stakabadhi. Magunia ya kilo 80 wanayabeba vijana, na midomo wanashona wao. Ile sindano ya gunia siigusi. Mwanzoni walidhani naringa. Nikaweka utaratibu: mimi na meza yangu upande huu, magunia upande ule. Hata hivyo leo gunia moja limeserereka kutoka kwenye rundo, likanisukuma paja kwenye kona ya meza. Halikuuma sana, lakini najua ifikapo jioni patakuwa na doa la zambarau upana wa kiganja, kesho kutwa litakuwa kijani, kisha manjano. Mwili wangu unaandika kila kitu.

Saa nne na nusu. Nimekunja mikono ya gauni kwa joto. Mama mmoja wa makamo amepokea stakabadhi yake lakini haondoki. Ameniangalia mkono, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, anakupiga?"

"Hapana, mama. Ni ugonjwa wa damu."

"Hata mimi nilikuwa nasema nimeanguka kisimani."

Nikakosa la kusema. Yeye alikuwa anasema kweli na mimi pia nilikuwa nasema kweli, ila wa kuaminika pale alikuwa yeye. Nimemshukuru kwa moyo wote, kwa sababu wanawake wanaopigwa wapo na wanahitaji mtu wa kuuliza hivyo. Lakini mume wangu, ambaye hata kuku humchinja kwa kuombwa, alishaitwa na wazee kujieleza juu ya alama zangu. Siku hizi tukialikwa harusini anauliza kwanza, "Umevaa mikono mirefu?" Tunacheka. Kicheko chenyewe si kirefu.

Saa saba mchana. Hii ndiyo saa yangu mbaya. Uchovu wa ITP si ule wa kusema nilale kidogo nitaamka sawa. Kalamu inakuwa nzito, nasoma namba ile ile ya mizani na bado siiamini, namwomba kijana anisomee. Daktari alifurahia ile 42,000, kwa sababu hatari kubwa ya kutoka damu huwa kwa walio chini zaidi, na wengi huanzishiwa dawa wakishuka chini ya 30,000. Nimewahi kufika 90,000, na uchovu ulikuwa huu huu. Kwa hiyo kwenye karatasi naendelea vizuri, na kwenye magunia matupu nyuma ya ghala nimelala chali huku mwenzangu akinung'unika kwamba wengine tunalipwa kwa kulala. Doa angeliona angenihurumia. Uchovu hauna rangi.

Saa nane. Nimeamka na kichwa kinauma. Huenda ni jua, au njaa tu. Ila kwetu kichwa huleta mawazo, maana damu kuvujia kwenye ubongo, ingawa ni nadra, ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Mwenzangu huyo huyo, maana moyo wake si mbaya, amenipa kidonge cha diklofenaki. Nimemrudishia. Diklofenaki na aspirini huzidhoofisha hata hizo chembe chache zilizobaki. Nimekunywa paracetamoli na maji mengi, nikakaa kivulini kusikiliza kama kinapungua. Kimepungua.

Tukisubiri lori, kijana wa mizani ameniuliza wazungu waliujuaje ugonjwa huu. Nimemsimulia kisa cha daktari William Harrington wa St. Louis, Marekani. Mwaka 1950 alijiwekea mwilini damu ya mgonjwa wa ITP ili athibitishe kuwa tatizo linasafiri ndani ya damu yenyewe. Baada ya saa chache chembe sahani zake zikaporomoka, akashikwa na degedege, kisha akapona baada ya siku kadhaa. Kijana akasema, "Huyo alikuwa Mmakonde." Nimecheka mpaka nikasahau kichwa.

Saa kumi na mbili jioni. Mama mkwe ameleta ming'oko ya kuchemsha na chupa ya juisi ya rozela, ya kuongeza damu. Naipokea na kuinywa, ni tamu. Chembe zangu haitazipandisha, lakini sina nguvu ya kubishana na mapenzi. Na damu yenyewe huwa inapungua kweli, siku za hedhi. Siku hizo navaa nguo nyeusi, natembea na kanga ya akiba, na nikiwa na vidonge vya asidi ya traneksamiki, vinavyosaidia bonge la damu lisiyeyuke upesi, naweza kukaa kwenye mizani. Nikiwa sina, nakaa nyumbani na kusema nina malaria. Malaria ina heshima yake, haiulizwi maswali.

Saa sita usiku. Predinisoloni imenikatalia usingizi, ndiyo maana naandika. Safari iliyopita daktari aligusia upasuaji wa kutoa bandama. Wagonjwa wengi chembe zao hupanda baada ya hapo, na baadhi huachana na dawa kabisa. Lakini bandama ndiyo inayosaidia kusafisha vimelea vya malaria kwenye damu, na inapigana na bakteria wabaya pia, kwa hiyo lazima uchanjwe kwanza, na ukiishakuitoa, kila homa ni ya kukimbilia hospitali. Mimi naishi kwenye mbu. Nimemwomba tuongee msimu wa korosho ukiisha. Kama kuna aliyetolewa bandama na bado anaishi huku kusini, aniandikie: homa ikikushika usiku, na gari ni mpaka asubuhi, unafanyaje?