"Boat" si boti: neno lililonikosesha wageni

Hakuna ushauri ulionitia hasara hapa Lamu kama ule wa binamu yangu: "Boat ni boti, basi, usijisumbue." Nilimwamini kwa kuwa yeye alimaliza kidato cha nne, mimi niliingia baharini na marehemu baba.

Mimi ni nahodha wa mashua: tanga, mlingoti na foromali, yaani ule mti unaofungiwa tanga, mashine hamna. Na kwetu ukisema boti, kila mtu anajua ni chombo cha injini, kama zile zinazovusha abiria kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Asubuhi moja wakanijia gatini wazee wawili wa Kiingereza, mume na mke. Yule bibi akaniuliza kama nina "boat". Mashua yangu iko hapo hapo nyuma yangu, nimeisugua mpaka mbao zinang'aa, tanga jipya limefungwa kwenye foromali. Nikamjibu kwa adabu zote, "No boat, madam." Na nilisema kweli, boti sina! Akaitazama mashua, akanitazama mimi, akashukuru, wakaenda. Haikupita robo saa nikawaona wanapita mbele yangu ndani ya mashua ya jirani, tanga limejaa upepo, wanakwenda Takwa, kule kwenye magofu ya kale. Takwa huendi ila maji yakijaa, na siku ile maji yalikuwa mazuri ajabu. Safari ya siku nzima, elfu saba au nane hivi. Iliniuma sana.

Binamu akasema basi niandike "ship", neno zito, litavuta watu. Nikaliandikisha kwenye ubao. Kijana mmoja akatoa arbuni, kesho yake akaja na mabegi matatu, macho yote kwenye mkondo mpaka kule Shela, anatafuta meli. Nilipomwonyesha mashua akadhani namtapeli. Nilimrudishia pesa zake mbele ya watu, na ubao nikaung'oa siku ile ile.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja mstaafu kutoka Uingereza niliyekuwa nikimpeleka Shela. Nilimweleza shida yangu, akachukua karatasi iliyofungiwa mahamri, akachora meli kubwa, na ubavuni mwake vyombo vidogo vinaning'inia, vile vya kuokolea watu. Akaniambia: "ship" hubeba "boat", lakini "boat" haibebi "ship". Papo hapo nikaelewa. "Boat" ni chombo! Mashua, ngalawa, hori, hata hiyo boti yenyewe, vyote vimo. Meli ndiyo "ship". Ila nyambizi, hata iwe kubwa namna gani, mabaharia wao huiita "boat".

Nahodha mwenzangu, mgeni akitaka "dhow" pia usimtafutie dau. Kwetu dau ni dau na jahazi ni jahazi, lakini wao neno hilo moja hukusanya yote, mashua ikiwemo. Mimi siku hizi namuuliza mgeni kwanza: tanga au injini? Mwingereza atakwambia "sailing boat", Mmarekani "sailboat", chombo ni kile kile. Na ukitaka kusema umekwenda kwa chombo, sema "by boat", bila kitu katikati. Mimi kwa miaka nilisema "by the boat" na hakuna aliyenisahihisha.

Siku moja upepo ulikatika tukakaa mkondoni saa nzima, wageni sita wasiojuana. Mmoja akawaambia wenzake, "We're all in the same boat." Safari hii sikutazama mbao za mashua, nilijua anasema shida yetu ni moja.

Kaka yangu ni mpishi hotelini. Kanionyesha kibakuli cha mchuzi mzito, kirefu, kina mdomo mbele kama omo ya chombo, nacho Waingereza hukiita "gravy boat". Wala sikushangaa. Sisi nasi tunaosha vyombo jikoni na kuvitweka matanga baharini.